Dude lisiloonekana ndilo linalotisha

Wadau, juzi hosteli tumebishana mpaka saa nane usiku. Mshikaji ninayelala naye chumba kimoja anadai muvi ya kutisha bila damu ni tamthilia tu. Nakataa!

Chukua Alien ya Ridley Scott, 1979. Watu 7 na paka wako kwenye chombo cha angani, na dude linawawinda. Muvi nzima unaliona dakika chache tu. Muda mwingi ni giza, mvuke, na wewe umebana pumzi. Halafu wengi hawajui: aliyevaa lile vazi la dude ni Mnigeria, Bolaji Badejo, mwanafunzi kama sisi, alikuwa anasoma London, mrefu kupita mita 2. Hakuigiza muvi nyingine tena. Inaniuma, maana hata sura yake hatuioni.

Jaws (1975) nayo ni hivyohivyo. Papa wa mashine alikuwa anagoma kila mara kwenye maji ya chumvi, Spielberg akalazimika kumficha. Ndiyo maana tuliogopa bahari!

Basi nikamwekea mshikaji Alien. Katikati umeme ukakatika. Mpenda damu wetu akaniomba nimsindikize chooni.