Tuulize na Mabaki

Wahenga walinena kuwa vyote ving'aavyo si dhahabu. Katika somo la Kemia sisi hukimbilia kilichopatikana tu. Kilichobaki hakuna anayekijali. Hilo mimi silikubali hata kidogo!

Hebu tutazame oksidi ya etheni, gesi inayotumika kuua vijidudu kwenye vifaa vya hospitali. Mfaransa Charles-Adolphe Wurtz aliitengeneza mwaka wa 1859. Baadaye viwanda vikafuata njia kama yake: etheni huchanganywa na klorini pamoja na maji, kisha klorini iliyojishika huondolewa kwa chokaa. Chukua kalamu upige hesabu mwenyewe. Kwa kila gramu 44 za gesi hiyo, hubaki gramu 111 za kloridi ya kalisi. Klorini yote imeingia kiwandani, na hata chembe moja haimo katika kile tulichokitaka. Ati hiyo nayo ni faida?

Mwaka wa 1931 Mfaransa mwingine, Théodore Lefort, alipitisha etheni na hewa juu ya madini ya fedha. Oksijeni ikajiunga na etheni moja kwa moja; rundo la kloridi likatoweka. Kweli, etheni nyingine huungua ikawa kabondioksaidi, lakini njia hii ndiyo inayotumiwa na viwanda vya leo.

Basi walimu, mkituuliza jinsi ya kutengeneza kitu, ongezeni swali hili: mabaki yatakwenda wapi? Viwandani tutaajiriwa sisi, na mito inayopokea uchafu ni yetu.