Mashine za mtumba za Carama na uhuru wa programu

Tangu tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft haitoi tena marekebisho ya kawaida ya usalama kwa Windows 10. Windows 11 nayo inadai kijisehemu cha usalama cha TPM 2.0 na prosesa za miaka ya karibuni, vitu ambavyo laptopu nyingi kuukuu hazinavyo. Katika mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Kinama, Kamenge na Carama, mashine kuukuu ndizo zinazoandika barua za kuomba kazi, kuchapa mitihani na kutunza hesabu za maduka. Mwenye mashine kama hiyo aendelee na mfumo usiolindwa, anunue mpya, au ahamie mfumo huria wa Linux. Kununua mpya wengi hawawezi. Kwangu mimi jibu ni Linux, ila anayehamia huko anaukuta ugomvi wa miaka arobaini ambao lazima auchukulie msimamo.

Asili ya ugomvi huo ni printa. Karibu mwaka 1980, Richard Stallman alikuwa mtaalamu wa programu katika maabara ya chuo cha MIT, Marekani. Printa ya leza ya Xerox waliyopewa ilikuwa ikikwama karatasi, naye alitaka kuirekebisha programu yake ili iwaarifu watu kila inapokwama. Alinyimwa msimbo. Mwaka 1983 akatangaza mradi wa GNU wa kujenga mfumo kamili wa kompyuta ulio huru, akidai kila mtu awe na haki ya kutumia programu kwa kazi yoyote, kuisoma na kuibadili, kuigawa, na kuigawa ikiwa imebadilishwa. Linus Torvalds alipotoa kiini cha Linux mwaka 1991, mradi huo ukapata kipande uliokuwa umekikosa. Kisha mwaka 1998 likajitokeza kundi lililoona kwamba mahubiri ya uhuru yanazitisha kampuni. Wao waliamua kuisifu programu huria kwa ubora wake na faida zake, suala la haki wakaliweka kando.

Debian, toleo la Linux lililoanzishwa mwaka 1993, ilijaribu kusimama pande zote mbili. Kwa miaka mingi diski yake rasmi ya kusakinishia haikubeba faimwea iliyofungwa, yaani vile vipande vidogo vya programu ambavyo kadi ya Wi-Fi au ya picha huvihitaji ili iamke, na ambavyo kiwanda hakitoi msimbo wake. Mwaka 2022 wanachama walipiga kura wakaamua viingizwe, na Debian 12 ikatoka navyo Juni 2023. Wenye msimamo mkali, kama watengenezaji wa Trisquel, toleo jingine la Linux, hawavikubali hadi leo.

Ukiitazama kura hiyo kutoka Carama, walio wengi walikuwa sahihi. Diski isiyo na faimwea inakutaka uwe na waya wa mtandao, au uipakue faimwea kwa mashine nyingine. Hapa intaneti ya nyumbani ni simu iliyowashwa hotispoti. Fundi mzoefu ataiunganisha simu kwa waya wa USB na mambo yatakwenda, lakini mteja akiona Wi-Fi haishiki atairudisha mashine siku hiyo hiyo na kudai awekewe alichokizoea. Zipo kadi za Wi-Fi zisizohitaji faimwea iliyofungwa, zikiwemo za jamii ya Atheros ambazo Linux huziendesha kwa programu ya ath9k. Kumwambia mwalimu wa shule ya msingi aanze kuitafuta kadi hiyo kabla hajaandika mtihani wake ni kumfukuza mlangoni.

Wapo wanaofika hapa wakahitimisha kwamba uhuru ni anasa ya matajiri, na kwamba mtu wa kawaida anachotafuta ni bei nafuu. Hapo ndipo tunapoachana. Mtaani Linux haishindani na Windows ya kulipiwa; inashindana na Windows iliyovunjwa kufuli, inayonakiliwa kwa flashi bila senti kwenda Microsoft. Zote mbili ni za bure, kwa hiyo anayeisifu Linux kwa bei hana hoja. Hoja inayobaki ni ile ile ya Stallman: mashine yako inamtii nani? Windows iliyovunjwa imepita mikononi mwa mtu usiyemjua, na hakuna anayeweza kuifungua aone aliingiza nini. Anayeupuuza uhuru katika mtaa kama huu ameitupa silaha pekee aliyokuwa nayo.

Uzito wa uhuru huo unaonekana zaidi katika mali ya umma. Takwimu za afya za Burundi hukusanywa kwa DHIS2, programu huria inayosimamiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, na baadhi ya hospitali za nchi hutumia OpenClinic kutunza taarifa za wagonjwa. Kenya ilikuwa uwanja wa mwanzo wa OpenMRS, programu huria ya rekodi za wagonjwa, kule Eldoret, mwaka 2006. Mfadhili akiondoka au mkataba ukiisha, taarifa hazifungiwi, na mtaalamu wa Bujumbura anaweza kuendelea pale wenzake walipoachia. Uhuru huo unafaa lugha pia: mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilishiriki kutoa Jambo OpenOffice, programu ya kazi za ofisi, kwa Kiswahili bila kungoja kampuni ione kama wasemaji wetu wana soko. Kirundi nacho kina haki hiyo hiyo.

Dhidi ya mapatano na programu iliyofungwa, kama yale ya Debian, tahadhari ninayoichukulia kwa uzito ni Android. Kiini chake ni Linux, na ndiyo mfumo wa simu nyingi mno mtaani, lakini juu ya kiini hicho Google imejenga huduma zilizofungwa ambazo bila hizo programu nyingi hazifanyi kazi. Mwaka 2025 ilitangaza kwamba watengenezaji wa programu watalazimika kujisajili na kuthibitishwa nayo hata kama hawapitii duka lake, ikianzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand. Hapo mapatano yalifanywa hatua kwa hatua, na mtumiaji hakuulizwa.

Kura ya Debian ilikuwa tofauti. Mjadala wake ulifanyika hadharani, nayo iliagiza mtumiaji aarifiwe ni faimwea gani imepakiwa na apewe njia ya kuizima. Fundi wa Carama anaweza kufanya vivyo hivyo kwa kipande cha karatasi: kadi hii ya Wi-Fi inatumia faimwea iliyofungwa, vingine vyote nilivyosakinisha ni huria. Shule, kituo cha afya na ofisi ya mtaa ziweke mpaka wao mahali pengine, kwenye mafaili na rejista. Kadi ya Wi-Fi hubadilishwa kwa nusu saa, lakini rejista ya wagonjwa ya miaka kumi iliyofungiwa katika mfumo wa kampuni moja huihamishi bila ridhaa ya kampuni hiyo. Na kabla ya kununua printa, muuzaji aulizwe kwanza kama inaendeshwa na Linux bila programu ya kiwanda.