Mvamizi ni Nani? Bonde la Kilombero na Maneno Tunayolishwa

Wahenga walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo imetufaa katika mambo mengi, lakini katika suala la vyombo vya habari imetupumbaza. Imetuzoesha kuamini kwamba jambo likishasemwa na wengi, kazi ya kuuliza imekwisha. Leo nataka kubishana nayo, na mfano wangu ni Bonde la Kilombero, kwa sababu huko neno moja lililorudiwa magazetini, redioni na katika hotuba limekwisha kuwahamisha watu kutoka mkoa hadi mkoa.

Neno lenyewe ni "mvamizi".

Msomaji aliyefuatilia habari za Ifakara, Mlimba, Malinyi na Ulanga kwa miaka ishirini iliyopita anajua ninachokisema. Akitajwa Msukuma, Mmaasai au Mmang'ati mwenye ng'ombe, neno hilo humfuata kama kivuli. Katika Kiswahili, uvamizi ni neno la vita na ujambazi. Mvamizi huja kwa nguvu, hana haki anayoweza kuidai, na dawa yake ni kuondolewa. Mwandishi akishaliandika katika kichwa cha habari, hukumu imetoka kabla shahidi wa kwanza hajasimama. Yote yanayofuata chini yake ni maelezo ya namna adhabu itakavyotekelezwa.

Sisemi kwamba hakuna ugomvi wa ardhi katika bonde. Upo, na umemwaga damu. Mkulima aliyeamka asubuhi akakuta mpunga wake umeliwa na kukanyagwa na ng'ombe mia mbili hahitaji mhadhiri wa kumweleza uchungu wake. Wala sisemi kwamba ardhi oevu ya Kilombero haina thamani. Mwaka 2002 iliingizwa katika orodha ya Ramsar, ikiwa na ukubwa wa karibu kilometa za mraba 8,000, na ni makazi ya sehemu kubwa ya sheshe wote waliobaki duniani. Ninachosema ni kwamba matatizo hayo mawili ya kweli yamepewa chanzo kimoja, na chanzo hicho tulikikubali bila kudai ushahidi.

Ili kuelewa tulivyofika hapo, inabidi tuanzie nje ya bonde, huko Usangu. Mto Ruaha Mkuu unatoka Usangu, unapita Mtera, kisha unashuka hadi Kidatu, mlangoni mwa Bonde la Kilombero, ambako mitambo ya umeme imekuwa ikizungushwa na maji yake tangu mwaka 1975. Katika miaka ya 1990 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja: mto ulianza kukauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na nchi ikaingia katika mgao wa umeme. Haikuchukua muda maelezo kupatikana. Ng'ombe wa Usangu wameharibu Ihefu, Ihefu imekauka, Mtera imekosa maji, taa zimezimika. Ni hadithi nyepesi kusimulia na nyepesi kukumbuka. Ina mkosaji, ina mhanga, na mhanga ni kila mwenye swichi ya taa nyumbani kwake.

Tatizo ni kwamba watafiti walikwenda kupima. Kati ya mwaka 1998 na 2002 mradi mkubwa wa utafiti ulichunguza maji ya Usangu, na matokeo yake hayakuiunga mkono hadithi ile. Kukauka kwa mto wakati wa kiangazi kulitokana hasa na maji kuchepushwa kwenda kwenye mashamba ya umwagiliaji, yakiwemo mashamba makubwa ya mpunga. Tena maji yanayojaza Mtera kwa sehemu kubwa ni ya mafuriko ya masika, si ya kiangazi. Kwa hiyo upungufu wa umeme ulipaswa kutafutiwa sababu katika namna mabwawa yenyewe yalivyokuwa yakiendeshwa. Matokeo hayo yaliandikwa na yakawasilishwa. Ila hayakuwa na mkosaji wa kupigwa picha. Nani atampiga picha afisa anayefungulia maji ya bwawa kwa wakati usiofaa?

Mwaka 2006 amri ya kuwaondoa wafugaji wa Usangu ilitekelezwa. Malalamiko yalikuwa makubwa kiasi kwamba mwaka 2007 iliundwa tume ya kuyachunguza. Wakati huo ng'ombe walikuwa wamekwisha kutembezwa, wengine kuelekea Lindi, wengine Rufiji, na wengine katika Bonde la Kilombero.

Sasa, msomaji wangu, unganisha mambo haya mwenyewe. Watu waliofukuzwa Usangu kwa hadithi ambayo wapimaji walikuwa wamekwisha kuikanusha waliingia Kilombero wakiwa wamebeba jina lile lile. Mwishoni mwa mwaka 2012 operesheni ikaanza huko pia. Mashirika ya haki za binadamu yaliandika kuhusu mifugo iliyokamatwa, faini zilizotozwa na familia zilizotawanyika. Na habari nyingi zilizowafikia wananchi zilikuwa za aina gani? Zilitaja idadi ya ng'ombe "waliofanikiwa kuondolewa". Katika lugha hiyo kufukuzwa kwa mtu kulihesabiwa kuwa mafanikio, na hakuna aliyeuliza ni mafanikio ya nani.

Darasani huwa nawapa wanafunzi wangu zoezi dogo. Nachukua habari moja ya gazeti kuhusu mgogoro wa wakulima na wafugaji, nawaomba wahesabu nani amepewa nafasi ya kusema. Mkuu wa wilaya anasema. Kamanda wa polisi anasema. Mwenyekiti wa kijiji anasema. Mkulima, kwa bahati nzuri, naye huambulia sentensi mbili. Mfugaji hutajwa tangu mwanzo hadi mwisho wa habari bila kufungua kinywa. Kisha nawaambia wafute neno "wavamizi", waandike "wahamiaji", au "wakazi wapya", au "wananchi waliopokewa na kijiji mwaka fulani", halafu wasome tena. Habari ni ile ile, lakini ghafla maswali yanaanza kuota. Waliwapokea kina nani? Kwa kibali gani? Nani alilipwa? Kundi la ng'ombe halivuki mto na kuingia kijijini bila kuonekana, na mahali ambapo watu wamekaa miaka kumi wakiwa na maboma, visima na watoto shuleni, lazima kuna ofisi iliyojua. Neno "mvamizi" huikinga ofisi hiyo isiulizwe.

Linganisha na neno jingine tunalolisikia katika bonde hilo hilo: "mwekezaji". Mwaka 2010, mpango wa kukuza kilimo katika Ukanda wa Kusini, SAGCOT, ulizinduliwa Dar es Salaam, na Kilombero ikawa kitovu chake kimojawapo. Tukaanza kusoma habari za bonde lenye rutuba "isiyotumika" na ardhi "inayosubiri" mtaji. Huko Mngeta lilikuwapo shamba la mpunga la hekta 5,818 lililokabidhiwa kwa mwekezaji. Ndani ya hekta hizo walikuwamo wananchi waliokuwa wakilima. Katika habari za maendeleo wakageuka kuwa watu wa kuhamishwa na kufidiwa, kana kwamba walichipua pale baada ya ramani kuchorwa. Na shamba lile lililosifiwa kama mfano wa kuigwa Afrika liliishia katika madeni yasiyolipika ilipofika mwaka 2019. Sifa zilijaza kurasa nyingi kuliko anguko lake.

Angalia basi sarufi ya bonde. Anayekuja na ng'ombe anavamia, anayekuja na trekta anawekeza. Wote wawili wametoka nje, wanabadilisha uoto na kuhitaji maji. Upanuzi wa mashamba, madogo kwa makubwa, umekula sehemu kubwa ya ardhi oevu ya Kilombero, lakini kiasi cha maji au nyasi alichotumia mtu si kitu kinachoamua ataitwa nani. Linaloamua ni nani anayemwalika mwandishi wa habari kwenye ziara.

Hapa nataka kuwatendea haki wanahabari. Mwandishi wa wilayani, ambaye mara nyingi hana mshahara wa kudumu na hulipwa kwa kila habari inayotoka, atafikaje Malinyi wakati wa masika? Atapanda gari la halmashauri. Atakula chakula cha msafara na kupewa posho ya msafara. Akirudi jioni atakuwa amezungumza na wale waliomo msafarani. Hajadanganya hata neno moja, lakini amesimama upande mmoja wa mto. Mwamba ngoma huvutia kwake, na ngoma hii ngozi yake, vijiti vyake na posho ya mpigaji hutoka mahali pamoja. Ongeza sheria: mabadiliko ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018 yalifanya kuwa kosa kutangaza takwimu zinazopingana na zile rasmi, hadi yalipolegezwa mwaka 2019. Katika hali kama hiyo, anayesema "nimepima, sivyo ilivyo" anahitaji ushujaa, na anayerudia yaliyosemwa hahitaji chochote.

Jambo linalonisikitisha zaidi ni kwamba Ifakara, kati ya miji yote ya nchi hii, ingepaswa kuwa mwalimu wetu katika jambo hili. Mji huu umekuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa tangu miaka ya 1950, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, chanjo ya malaria iliyotengenezwa Colombia, SPf66, ilikuwa ikivuma duniani. Ikajaribiwa kwa watoto wa kijiji cha Idete, na mwaka 1994 matokeo yakaonyesha kinga ya asilimia 31. Watafiti wangeweza kuishia hapo na kuvuna makofi. Lakini majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga hiyo, na chanjo ilipojaribiwa kwa watoto wachanga katika Bonde la Kilombero lenyewe, haikuwakinga. Hilo nalo likachapishwa, mwaka 1999. Bonde lile lile liliwahi pia kuona kampeni iliyofanikiwa: vyandarua vya Zuia Mbu vilitangazwa na kuuzwa Kilombero na Ulanga kuanzia mwaka 1997, na hatukutakiwa kuamini matangazo peke yake, kwa sababu uhai wa watoto ulifuatiliwa na ukaonekana kuongezeka kwa asilimia 27 kwa waliovitumia.

Maana yake ni kwamba watu wa bonde hili wanajua kudai vipimo. Walitoa watoto wao ili dunia ijue ukweli wa chanjo. Kwa nini basi tukubali kwamba dai kuhusu mbu lipimwe mara nne, na dai linalomfukuza jirani kwenye makazi yake lisipimwe hata mara moja?

Kufikiri kwa makini kuhusu habari si kuwaona waandishi wote kuwa waongo. Anayekataa kila kitu hana tofauti na anayekubali kila kitu, maana wote wawili wamejiondolea kazi ya kufikiri. Kazi yenyewe huanza na maswali machache. Nani amesema, na nani ametajwa tu? Neno lililotumika limeeleza tendo, au limekwisha kuhukumu? Dai hili limepimwa na nani, lini, kwa njia gani? Picha hii ya ng'ombe ndani ya maji, inayozunguka kwenye simu zetu, ilipigwa wapi na mwaka gani? Na swali ninalolipenda kuliko yote: iwapo habari hii ni ya kweli, nani anaepuka kuulizwa?

Maswali hayo yana nguvu kuliko tunavyodhani. Mwaka 2013 Operesheni Tokomeza dhidi ya ujangili ilianza kwa shangwe, na aliyeihoji alionekana mtetezi wa majangili. Wabunge walipohoji na kamati ikachunguza, yalifichuka mateso na vifo vya wananchi, na mwezi Desemba mawaziri wanne wakapoteza nafasi zao. Wananchi wale walikuwa wameumizwa tangu mwanzo. Kilichochelewa ni swali.

Nayaandika haya sasa kwa sababu hadithi ya Usangu inaandaliwa upya. Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, linategemea Mto Rufiji, na zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji yanatoka Kilombero. Ukame wa mwishoni mwa mwaka 2022 ulipoleta mgao, sauti za kuinyooshea mifugo kidole zilisikika tena. Mwaka uliofuata, pori tengefu la Kilombero likapandishwa hadhi kuwa pori la akiba, na mipaka ikawa mikali zaidi kwa mkulima na mfugaji kwa pamoja. Siku umeme utakapopungua, na siku hiyo itakuja, kichwa cha habari kitakuwa tayari.

Na safari hii huenda mvamizi asiwe Msukuma peke yake. Mndamba anayelima kandokando ya mto alikolima babu yake naye yumo ndani ya ramani. Alipokuwa akiitwa mvamizi mwenzake, wengi wetu tulinyamaza kwa sababu neno halikutugusa. Atakapoamka akasikia redio ikilitamka kwa ajili yake, atataka mtu mmoja, mahali popote nchini, awe amejifunza kuuliza: mmepima?