Takwimu Shuleni: Nani Amemwandaa Mwalimu?

Tangu mtaala ulioboreshwa uanze kutekelezwa kwa awamu Januari 2024, mjadala mkubwa mitaani na kwenye daladala umekuwa juu ya mambo matatu: mkondo wa amali, somo la Historia ya Tanzania na Maadili, na lugha ya kufundishia. Sawa, yote ni muhimu. Lakini kuna kitu kinapita kimya kimya, nacho ni hisabati. Ndani ya hisabati kuna kipande ambacho mimi kama mwandishi wa habari nakutana nacho kila siku ya kazi: takwimu.

Swali langu ni jepesi. Mtaala umeandikwa upya. Je, yule anayekwenda kusimama mbele ya wanafunzi kuufundisha ameandaliwa vipi?

Kwa waliosahau, chini ya muhtasari wa 2005 tulianza takwimu Kidato cha Pili kwa kuchora grafu na histogramu, Kidato cha Tatu tukahamia kwenye wastani, mediani na modi, na Kidato cha Nne tukamalizia na uwezekano. Unapewa jedwali la alama za wanafunzi 40. Hujui ni wanafunzi gani, alama zilikusanywa na nani, na kwa nini mtu ajisumbue kutafuta wastani wake. Unajaza safu ya fx, unajumlisha, unagawanya, unapigia jibu mistari miwili. Mtihani ukiisha, wastani unauacha mle mle kwenye chumba cha mtihani.

Mtaala mpya unataka umahiri, yaani mwanafunzi aweze kufanya jambo badala ya kulikariri. Safi sana. Ila tukumbuke kwamba mtaala wa 2005 nao ulihubiri umahiri. Karatasi ilisema hivyo, darasani mambo yakaendelea kama zamani, kwa sababu waliotakiwa kubadilika hawakuonyeshwa namna ya kubadilika. Hapo ndipo wasiwasi wangu ulipo.

Hebu tuende Kariakoo kidogo, maana kuna shule za sekondari ambazo mwanafunzi akitoka getini anaingia moja kwa moja kwenye msongamano wa soko. Muuza viatu wa Mtaa wa Kongo hahitaji kujua kwamba wastani wa saizi alizouza wiki hii ni 40.6. Hakuna mguu wa 40.6! Anachotaka kujua ni saizi ipi inaondoka zaidi ili akaiongeze. Hiyo ndiyo modi, naye anaitumia kila siku bila kuijua kwa jina. Chukua pia bei ya maharage. Huyu anauza kwa kilo, yule kwa sado, mwingine analalamikia lumbesa iliyomfika kutoka mkoani. Mwanafunzi akitumwa kukusanya bei hizo atarudi na namba zisizolinganishika, na kabla hajachora grafu yoyote atalazimika kuuliza: nimepima nini hasa? Swali hilo halimo kwenye jedwali la alama za wanafunzi 40.

Au tuseme wafanyabiashara watano wamepata faida ya siku hivi: shilingi 15,000, 18,000, 20,000, 22,000 na 175,000. Wastani ni 50,000. Sasa niambie, nani kati yao amepata 50,000? Hakuna. Wanne wako chini kabisa ya hapo na mmoja yuko juu mawinguni. Mediani, yule wa katikati, ni 20,000. Kodi ya pango ikipangwa kwa kuangalia wastani, wanne wanafunga biashara. Hesabu zote mbili ni sahihi, lakini ukichagua isiyofaa unawaumiza watu.

Halafu kuna mkeka. Vijana wenzangu mnanielewa. Tuseme umechagua mechi kumi, na kila moja una uhakika wa asilimia 70, ambao tukubaliane ni uhakika mkubwa. Uwezekano wa zote kumi kutiki ni 0.7 ukizidisha yenyewe mara kumi, unapata kama 0.028. Yaani katika mikeka 100 ya aina hiyo, 97 hivi inachanika. Tuseme tena kampuni inakulipa 1.36 kwa kila mechi, wakati malipo ya haki kwa uhakika huo yangekuwa kama 1.43. Tofauti inaonekana ndogo, lakini ikirudiwa mara kumi, kila shilingi 1,000 unayoweka inakurudishia kwa wastani kama 610. Hesabu hii iko ndani ya uwezo wa mwanafunzi wa Kidato cha Nne. Sheria haimruhusu aliye chini ya miaka 18 kubeti, na umri huo ndio unaofaa kumwonyesha namba hizi kabla hajafika dirishani na hela yake ya nauli.

Mbona basi hatufundishi hivi? Wepesi wa kulaumu watasema walimu wavivu. Mimi siwalaumu. Fikiria mwalimu wa hisabati amelelewa vipi. Tangu darasa la kwanza mpaka chuo, hesabu ni kitu chenye jibu moja: limo au halimo, pata au kosa. Leo unamwambia afundishe somo ambalo jibu la kwanza ni "inategemea". Inategemea namba zimetoka wapi, wangapi hawakuulizwa, na unataka kuamua nini. Mwanafunzi mmoja atatetea mediani, mwingine atatetea wastani, na wote wanaweza kuwa na hoja. Mwalimu huyo atasahihishaje madaftari 80? Kama yeye mwenyewe hajawahi kukusanya takwimu zake akazikuta zimejaa matundu, atarudi kwenye safu ya fx. Hata mimi ningerudi huko.

Na historia yetu ya kuandaa walimu kwa haraka inajulikana. Wakati wa UPE miaka ya 1970, waliomaliza darasa la saba waliwekwa kufundisha huku wakijifunza ualimu kazini. Shule za kata zilipofumuka katikati ya miaka ya 2000, wahitimu wa Kidato cha Sita walipewa mafunzo ya wiki chache wakaingizwa madarasani, na mtaa ukawabatiza jina la "vodafasta". Wengi wao walijitahidi kwa kadiri walivyoweza, na Mungu awabariki, lakini tulichojifunza ni kwamba majengo hujengwa haraka kuliko walimu.

Namna nyingine tuliyoizoea ni semina. Mwalimu mmoja anachaguliwa, anakaa ukumbini siku kadhaa, anasikiliza, anapewa makabrasha na posho, kisha anarudi kuwafundisha wenzake. Wenzake wanapata saa moja baada ya vipindi, tena wakiwa wamechoka. Ni kama chai inayopitishwa kwenye vikombe vitano: cha mwisho kinafikiwa na maji ya moto yenye rangi kidogo.

Haya, matokeo tunayaona. Mwaka 2022 waliofaulu Hisabati Kidato cha Nne walikuwa asilimia 20 hivi ya watahiniwa, na mwaka 2023 wakawa asilimia 25 hivi. Hapo hapo kuna somo jingine. Vyombo vya habari hupenda kuandika kwamba ufaulu kama huo "umepanda kwa asilimia tano". Kutoka 20 kwenda 25 ni pointi tano, lakini kiasi chenyewe kimekua kwa robo, yaani asilimia 25. Anayetaka kusifia atachukua namba moja, anayetaka kuponda atachukua nyingine, na msomaji asiye na takwimu kichwani atameza yoyote atakayopewa.

Mfano mkubwa zaidi ni matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012. Yalipotangazwa Februari 2013, zaidi ya nusu ya watahiniwa walikuwa na sifuri. Nchi ikatikisika, na mwezi Mei serikali ikayafuta na kuagiza yapangwe upya. Yaliporudi, waliofaulu waliongezeka. Karatasi za majibu zilikuwa zile zile, kilichobadilika ni utaratibu wa kupanga madaraja. Watu waligombana wiki nzima kuhusu nani alaumiwe, lakini ni wangapi wetu tungeweza kueleza kilichofanyika kwenye namba zile? Na marekebisho ya Sheria ya Takwimu ya mwaka 2018, yaliyotishia kumweka matatani anayechapisha namba zinazopingana na za serikali, kabla ya kulegezwa mwaka 2019, yaliwagusa watu wachache tu: waandishi, watafiti, wanaharakati. Raia asiyejua kuhoji namba hahitaji kukatazwa kuihoji.

Kwa hiyo tufanye nini? Naanza na tulivyonavyo, maana sipendi mapendekezo yanayosubiri mfadhili. Sensa ya Agosti 2022 ilifanywa kwa vishikwambi, na walimu wengi walikuwa makarani wake. Mwishoni mwa mwaka ule serikali ikaanza kuvigawa vishikwambi hivyo kwa walimu. Hebu litafakari hili. Mwalimu amebisha hodi kaya kwa kaya, amemuuliza mama mwenye nyumba umri wa watoto wake, amekutana na mzee asiyekumbuka mwaka aliozaliwa, na kifaa alichotumia kiko kwenye mkoba wake. Huyo anajua takwimu inavyozaliwa kuliko profesa asiyetoka ofisini. Lakini nani amemwambia kwamba uzoefu ule ni somo la darasani? Sensa ile ilihesabu watu 61,741,120 nchini, na 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam. Ofisi ya Taifa ya Takwimu inachapisha matokeo kwenye tovuti yake. Mwalimu ana kifaa na ana data. Hana tu mtu wa kukaa naye akamwonyesha kipindi cha dakika 80 kinajengwaje kutokana na hayo.

Mahali pa kukaa napo papo. Upo utaratibu wa MEWAKA, mafunzo endelevu ya walimu kazini, ambapo walimu hukutana shuleni kwao katika jumuiya za kujifunza. Hiyo ndiyo njia ningeitilia nguvu kuliko ukumbi wa hoteli. Walimu watano wa hisabati wa shule jirani za Ilala wapewe mchana mmoja kila mwezi. Mwezi wa kwanza waende sokoni wenyewe, wakusanye bei, wagombane kuhusu sado na kilo. Mwezi wa pili wafundishe walichokusanya, huku wenzao wakiangalia. Mwezi wa tatu walete kazi za wanafunzi wazisahihishe pamoja mpaka waelewane jibu zuri la "inategemea" linafananaje. Baraza la Mitihani hutoa kila mwaka uchambuzi wa namna watahiniwa walivyojibu kila swali. Nao usomwe hapo mezani, badala ya kulala kwenye tovuti.

Hili la kusahihisha pamoja si geni duniani. Marekani, ambako mtihani wa takwimu wa AP kwa sekondari ulianza mwaka 1997, walimu wa sekondari na wahadhiri husahihisha pamoja kwa vigezo walivyokubaliana. Kwetu pia walimu hukusanyika kusahihisha mitihani ya taifa. Nao Afrika Kusini, mwaka wa sensa yao ya 2001, walifanya sensa ndogo mashuleni ili watoto wajifunze takwimu kwa kujihesabu wenyewe. Mtoto anayehesabu kitu chake ana sababu ya kutaka jibu.

Jambo la mwisho ni lugha. Sekondari tunafundisha kwa Kiingereza, lakini neno "wastani" mwanafunzi amekuja nalo kutoka nyumbani, tena likiwa na maana ya "si haba, si nyingi". Mwongozo wa mwalimu uweke istilahi kwa lugha zote mbili na ueleze maana ya mtaani inaachana wapi na maana ya darasani. Kazi hiyo inahitaji wiki kadhaa za watu makini, haihitaji mabilioni.

Mtihani wa kwanza wa mtaala wowote hufanywa na mwalimu, siku anayofunga mlango wa darasa akabaki na wanafunzi wake na chaki. Tukimwacha peke yake siku hiyo, tusije tukashangaa mwaka 2035 tukiandika tena kwamba ufaulu wa Hisabati "umepanda kwa asilimia tano", na hakuna anayeuliza asilimia tano ya nini.

Nyie mliosoma hisabati na mlioikimbia, mnalionaje hili?