Wanaouza Ukimya, na Haki ya Mfanyakazi



Historia ya wafanyakazi wa nchi yetu kwa sehemu kubwa ni historia ya kusimama mbele ya mwajiri na kudai haki. Makuli wa bandari ya Dar es Salaam waligoma mwaka 1947, na mgomo wao ukafuata njia ya reli hadi bara. Mwaka 1973, maneno ya Mwongozo wa TANU wa 1971 yakiwa bado mabichi masikioni mwa watu, wafanyakazi wa kiwanda cha mpira cha Mount Carmel walimfungia mwenye kiwanda nje ya lango na kuendesha kazi wao wenyewe. Wazee wetu wanayakumbuka mambo hayo kwa fahari. Lakini swali ambalo viongozi wa walei wanatuletea siku hizi ni la namna nyingine kabisa. Wanauliza hivi: je, ni halali wafanyakazi kusimama upande wa mwajiri wao pale anapoandamwa na watu wanaojiita waandishi wa habari, wanaomchafua leo na kumdai fedha kesho ili wanyamaze?

Wako wanaolicheka swali hilo. Mwajiri ana wakili, wanasema, ana fedha benki na ana namba ya simu ya mkubwa. Mfanyakazi anayemtetea tajiri ni kibaraka tu, anatafuta kupandishwa cheo. Hatuwalaumu wanaofikiri hivyo, maana vibaraka wapo. Hata hivyo jibu letu ni kwamba jambo hilo ni halali, na kuna wakati ni wajibu. Sababu yake hatujaisikia ikisemwa vya kutosha: bidhaa inayouzwa katika biashara hii ni mali ya mfanyakazi.

Tuchukue mfano, na ifahamike kwamba ni mfano tu. Kiwanda cha kukamua mafuta kina wafanyakazi mia mbili. Siku moja meneja anapigiwa simu na mtu asiyemfahamu, anayesema ana picha na ana habari kwamba mafuta ya kiwanda yanatia watu ugonjwa. Habari itarushwa mtandaoni jioni, isipokuwa kama kiwanda kitatoa tangazo. Anataja bei ya tangazo. Meneja akilipa, mtu yule hurudi baada ya miezi mitatu akiwa na mwenzake. Meneja akikataa, habari hurushwa. Wenye maduka wanarudisha madebe, zamu ya usiku inafutwa, na wa kwanza kuambiwa wasije tena ni vibarua wasio na mkataba. Akilipa pia, fedha hizo zinatoka mahali. Katika hesabu zitaitwa gharama za matangazo, na mwisho wa mwaka, wajumbe wa tawi la chama cha wafanyakazi watakapoketi kujadili mkataba wa hali bora, wataambiwa kwamba mwaka ulikuwa mgumu.

Hapo habari ilikuwa ya uongo, na aliyeibiwa mkate ni mfanyakazi. Sasa tuigeuze. Tuseme habari ni ya kweli: kiwanda hakijapeleka michango ya NSSF kwa mwaka mzima, na kijana mmoja amekatwa vidole na mashine isiyo na kinga. Mtu yule yule anapiga simu, anataja bei ile ile, meneja analipa, na habari inazikwa. Ni nani aliyeibiwa hapo? Ni kijana yule mwenye vidole viwili. Jeraha lake limegeuzwa bidhaa. Mmoja ameliuza, mwingine amelinunua, na mwenye jeraha hata hakuitwa mezani. Kwa hiyo, habari iwe ya kweli au ya uongo, mfanyakazi ndiye anayetozwa. Mwenye kuona hivyo hawezi tena kusema kwamba ugomvi huu ni wa matajiri na magazeti.

Tuondoke nyumbani kwa kitambo, twende Uchina. Ubaya huu hauko huko peke yake. Sisi wenyewe tuna maneno yetu ya kuutaja, bahasha ya kaki na makanjanja, na neno halizaliwi pasipo jambo. Tunakwenda huko kwa sababu yaliyotokea katika migodi yao ya makaa ya mawe yalichunguzwa na serikali yao na kutangazwa hadharani, kwa hiyo tunaweza kuyasema bila kumsingizia mtu.

Tarehe 20 Septemba 2008 mchimbaji mmoja alikufa katika mgodi wa Ganhe, jimbo la Shanxi. Siku chache baadaye watu walianza kufika ofisini kwa mgodi, wengi wao wakisema ni waandishi, wakajipanga kungoja malipo ya kunyamaza, kama watu wanavyojipanga kungoja sukari wakati wa uhaba. Mwandishi mmoja mwadilifu, Dai Xiaojun, aliwapiga picha na kuzitoa mtandaoni, ndipo nchi nzima ikajua. Uchunguzi ulipofanywa, walikutwa watu 28 waliojiandikisha kwa majina ya vyombo 23 vya habari, na kati yao waliokuwa na vitambulisho halali vya uandishi walikuwa wawili tu. Tunaomba msomaji atulie hapo. Marehemu alikuwa mmoja. Waliokuja kula juu ya kifo chake ni ishirini na wanane.

Mwaka huo huo, katika wilaya ya Yuxian, jimbo la Hebei, mlipuko wa tarehe 14 Julai, majuma machache kabla ya Michezo ya Olimpiki ya Beijing, uliua watu 35 mgodini. Wenye mgodi, wakisaidiwa na maofisa, walikificha kisa hicho kwa siku 85. Waandishi kumi walishtakiwa kwa kupokea fedha ili wasiandike. Wajane wa wachimbaji waliishi karibu miezi mitatu katika nchi ambamo vifo vya waume zao, kwa hesabu za serikali, havikutokea. Kuna unyang'anyi gani mkubwa kuliko huo?

Lakini iko habari ya tatu, nayo inatuzuia kukimbilia hasira. Mwezi Januari 2007, katika wilaya ya Hunyuan, Shanxi, mtu mmoja aliyeitwa Lan Chengzhang, aliyefanya kazi na gazeti la biashara na asiyekuwa na kitambulisho rasmi, alikwenda kwenye mgodi usio na kibali. Watu wa mwenye mgodi walimpiga hata akafa. Ubishi ukazuka: je, alikwenda kuandika au alikwenda kudai fedha? Sisi tunaona ubishi huo ulikuwa wa aibu. Hata kama alikwenda kudai fedha, hukumu ya kosa hilo haikuwa kifo, wala wenye kutoa hukumu hawakuwa walinzi wa mgodi. Mwenye mgodi alifungwa maisha. Tunalitaja jambo hili kwa sababu neno "kanjanja" nalo limegeuka kuwa rungu. Meneja ambaye hapendi kuulizwa kuhusu mishahara huanza kwa kusema kwamba aliyeuliza ni kanjanja. Na wafanyakazi wakichochewa, wanaweza kumfukuza kwa mawe mtu pekee aliyetaka kuandika shida zao.

Basi tunamtambuaje? Wapo wanaotazama kitambulisho, na kitambulisho kina maana. Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016 imeweka utaratibu wa ithibati, na hakuna ubaya kumwomba mgeni aonyeshe. Lakini kitambulisho halali kinaweza kuwa mfukoni mwa mnyang'anyi, kama wale wawili wa Ganhe walivyoonyesha. Alama iliyo ya hakika zaidi ni bei. Mwandishi wa kweli anaweza kuwa mkali, anaweza kukosea, anaweza hata kuwa na chuki na kiwanda. Atauliza maswali, atangoja jibu, na atachapisha. Hana bei ya kutochapisha. Mara bei inapotajwa, hata ikivishwa nguo ya tangazo, ya udhamini au ya nauli, mazungumzo si ya habari tena.

Msomaji wa Injili ya Luka, sura ya tatu, atakumbuka askari waliomwendea Yohane Mbatizaji kumwuliza yawapasayo. Alipowajibu aliyafunga mambo matatu pamoja: kutowatoza watu kwa nguvu, kutowasingizia, na kuridhika na ujira wao. Ajabu ni jinsi yanavyokaa jirani. Mwenye silaha ambaye ujira haumtoshi husingizia ili apate kutoza. Kamera na kalamu nazo ni silaha. Na hapa haki inatudai tuseme neno kwa wenye magazeti, redio na runinga za mtandaoni. Mwandishi wa wilayani anayelipwa kwa habari moja moja, asiye na mkataba, anayejilipia nauli, naye ni mfanyakazi, na ana haki zile zile ambazo Papa Leo XIII alizitetea mwaka 1891 na Papa Yohane Paulo II akazirudia mwaka 1981. Mwenye chombo asiyemlipa, kisha akamtuma na kamera kwenye lango la kiwanda, anajua vizuri chakula chake cha jioni kitatoka wapi. Hilo halimwondolei mwandishi hatia, bali linaonyesha mwenzake katika hatia ni nani.

Turudi kwa wafanyakazi. Tulisema ni halali wasimame; lakini ushuhuda wao utakuwa na uzito kwa sharti moja, kwamba wawe huru. Tumekwisha kuona, katika nchi nyingi na hapa kwetu, wafanyakazi wakipakiwa kwenye mabasi, wamevishwa fulana mpya, wameshikishwa mabango ambayo wasingeweza kuyaandika wao. Ushuhuda wa namna hiyo haumtishi mnyang'anyi, kwa kuwa anajua ni sauti ya meneja iliyopitia kinywa kingine. Inafaa kuuliza: nani aliandika maneno haya? Nani alilipia basi? Na yule aliyebaki nyumbani, kesho atahesabiwa kuwa mgonjwa au msaliti? Zaidi ya hayo, wafanyakazi wanaotaka kuaminiwa waseme yote mawili katika tamko lile lile. Waseme kwamba mafuta yetu ni safi, tunayala nyumbani kwetu na watoto wetu, na fulani ametudai fedha ili asitutangazie uongo. Tena waseme kwamba mashine ya tatu haina kinga, tumelalamika, na tunangoja. Mwajiri ambaye hawezi kuvumilia sentensi ya pili hastahili kutetewa kwa ile ya kwanza.

Wapo watakaoona kwamba sentensi ya pili inampa adui silaha. Sisi twaona inamnyang'anya. Anayeuza ukimya hana cha kuuza mahali ambapo kila kitu kimekwisha kusemwa na wenyewe. Kiwanda ambacho taarifa ya ajali imebandikwa ukutani, na kinachopokea mkaguzi wa usalama mahali pa kazi bila kumficha kitu, kitamwambia mpiga simu: andika tu. Kwa hiyo kamati ya wafanyakazi inayodai uwazi haimdhoofishi mwajiri wake. Huenda ndiyo ulinzi wa bei nafuu kuliko wote alio nao.

Kuhusu hatua za kuchukua hatuna haja ya kusema mengi, maana njia zipo. Kudai mali kwa vitisho ni kosa la jinai katika Kanuni ya Adhabu, na Polisi wanapaswa kulipokea shauri. TAKUKURU wana namba ya bure, 113. Kwa habari za uongo au za kuchafua, liko Baraza la Habari Tanzania, lililoundwa na wanahabari na wadau wenzao mwaka 1995, ambalo husikiliza malalamiko ya raia na kujaribu kuwapatanisha na chombo husika. Kilicho muhimu ni kumbukumbu: tarehe, saa, namba iliyopiga, maneno yaliyosemwa jinsi yalivyosemwa, na majina ya waliosikia. Ujumbe wa simu usifutwe kwa hasira. Na mtu asilipe hata mara moja "ili kununua muda", kwa sababu muda huo huuzwa upya kila mwezi.

Limebaki jambo moja linalotugusa nyumbani. Kanisa nalo ni mwajiri. Tuna hospitali, shule, vyuo na karakana; tuna wauguzi, walimu, wapishi na walinzi. Watu wa bahasha hufika kwetu pia, tena wakijua kwamba sisi tunaogopa aibu kuliko hasara. Kishawishi cha kuchukua fedha za sadaka na kuzika jambo ni kikubwa, na hatutaki kujifanya kwamba kipo kwa wengine tu. Fedha ya mjane haikutolewa kwa kazi hiyo. Kama muuguzi ametendewa isivyo haki, dawa ni kumtendea haki. Kama ameambiwa uongo juu ya wodi yake, aachwe aseme mwenyewe, kwa jina lake, mbele ya kamera ile ile.

Kwa hiyo tunaziomba halmashauri za walei za parokia zenye taasisi zinazoajiri zikae na wafanyakazi wa taasisi hizo kabla ya mkutano wa Tume wa robo mwaka ijayo. Wakurugenzi na wakuu wa taasisi wasiwepo katika kikao hicho. Muhtasari uletwe ukiwa na sehemu mbili: waliyodaiwa na watu wa nje, na wanayoidai taasisi yenyewe. Muhtasari wenye sehemu ya kwanza tu tutaurudisha.