Tuwafunze wanafunzi kufungua, si kutupa tu

Juma lililopita nilimpelekea fundi kibaniko changu cha mkate, yaani tosta kama wengi tuitavyo. Hakikuwa kimemaliza miaka miwili. Fundi alikigeuzageuza, akanirudishia. "Mwalimu, hiki hakikuundwa kifunguliwe. Nunua kingine." Nilirudi nyumbani nikijiuliza: je, haya ndiyo maendeleo?

Kibaniko cha umeme kilingoja waya uwezao kuwaka mwekundu mara nyingi bila kukatika. Mnamo 1905, Albert Marsh wa Marekani aliupata kwa kuchanganya nikeli na kromu. Mwaka wa 1909, kampuni ya General Electric ikatoa kibaniko chake kiitwacho D-12: nyaya tupu juu ya kitako cha kauri. Aliyezubaa alikula makaa, kwani mkate uligeuzwa kwa mkono.

Charles Strite, fundi wa kiwandani katika jimbo la Minnesota, alichoshwa na mikate iliyoungua katika mkahawa wa wafanyakazi. Alibuni kibaniko chenye saa na springi za kuurusha mkate juu, akapewa hataza mwaka wa 1921. Kisha mnamo 1949 ikaja Sunbeam T-20, iliyoshusha na kuinua mkate bila mota, kwa nguvu ya waya urefukao upatapo joto. Ukanda wa metali mbili ndio uliopima kama mkate umeiva.

Ndugu walimu, hapo ndipo penye kiini cha hoja yangu. Upanukaji wa metali hukaririwa na kila mwanafunzi wa fizikia. Lakini ni wangapi waliowahi kuuona ukanda huo ukipinda?

Sisemi kwamba ya kale yote ni bora. Nyaya zile za D-12 zilikuwa hatari kwa watoto, na vibaniko vya leo ni salama zaidi. Hata hivyo, chombo kisichofunguka hakimfunzi mtu chochote. Humfanya mnunuzi wa milele.

Tunajivunia elimu ya umilisi. Basi tukusanye vibaniko, pasi na redio zilizokufa, tuhakikishe hazijaunganishwa na umeme, tuwape wanafunzi bisibisi. Strite hakuwa profesa. Alikuwa fundi aliyekataa kula mkate ulioungua. Huenda mwenzake ameketi katika darasa lako, akingoja kuruhusiwa kufungua.