Kauli ya Kutendua na Somo la Hisabati

Wapo wasomi wanaoshikilia kuwa Kiswahili ni lugha ya ushairi na siasa tu, na kwamba hisabati ya juu haikaliki ndani yake. Dai hili halina mashiko. Mfano mmoja watosha kulipinga: namna ya kupata kasi ya mabadiliko ya fanksheni kinyume, mada inayowatoa jasho wanafunzi wengi wa kalkulasi.

Kila mwanafunzi wa isimu anaifahamu kauli ya kutendua. Funga huwa fungua, kunja huwa kunjua, ziba huwa zibua. Kiambishi hicho hulirejesha tendo lilikoanzia. Fanksheni kinyume nayo hufanya hivyo: iwapo fanksheni huipeleka 1 kwenye 2, kinyume chake huirejesha 2 kwenye 1. Tena, si kila kitenzi hukubali kutenduliwa. Cheka na lala havikubali. Vivyo hivyo, fanksheni ya kuzidisha namba kwa namba hiyo hiyo haina kinyume iwapo namba zote zinaruhusiwa, kwa kuwa 2 na -2 zote hutoa 4, na anayerudi hajui arudi wapi.

Je, kasi? Matatu inayokwenda kilomita 30 kwa saa hukata nusu kilomita kwa dakika. Swali likigeuzwa, kwamba kila kilomita huchukua dakika ngapi, jibu ni 2, yaani 1 kugawanywa kwa nusu. Kanuni yote ni hiyo: kasi ya kinyume ni 1 kugawanywa kwa kasi ya fanksheni yenyewe. Palipo na kasi sifuri kanuni haitumiki, kwani hakuna kugawanya kwa sifuri.

Wengi huteleza penye kuchagua mahali pa kupimia. Chukua x³ + x, ambayo kasi yake ni 3x² + 1. Penye x = 1, fanksheni hutoa 2. Akiulizwa kasi ya kinyume penye 2, mwanafunzi huiweka 2 katika 3x² + 1, akapata 13, akaandika 1/13. Amekosea. Hiyo 2 ni mahali fanksheni ilikofika, wala si ilikotoka. Sharti arudi kwenye 1, apate 4. Jibu sahihi ni 1/4. Tofauti ya “ilikofika” na “ilikotoka”, ambayo Kiswahili huibeba ndani ya kitenzi kimoja, ndiyo kiini cha somo zima.

Wapinzani watasema kuwa istilahi ni haba. Hata hivyo, TUKI ilitoa kamusi sanifu ya biolojia, fizikia na kemia mwaka 1990, na shule za msingi za umma nchini Tanzania zimefunza hisabati kwa Kiswahili kwa miongo mingi. Kukopa neno kama fanksheni si aibu. Aljebra yenyewe ilikopwa na Wazungu kutoka Kiarabu.

Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi. Heshima hiyo itabaki kwenye karatasi iwapo wanafunzi wa Kiswahili hawataketi pamoja na wenzao wa hisabati, wakaipima kila istilahi kwa kuifunzia. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.